Dakika Mbili za Hazadi

Dar es Salaam ina taa moja yenye mamlaka kuliko kibao chochote cha barabarani, nayo ni hazadi. Dereva akishaibonyeza na taa zikaanza kupepesa, pale aliposimama pamekuwa pake: mdomoni mwa kituo cha daladala, juu ya kivuko cha waenda kwa miguu, katikati ya njia ya baiskeli. Utamwambia nini? Radhi ameshaiomba kwa taa. Na ukimsogelea dirishani atakujibu kwa upole mtupu, "Dakika mbili tu, kaka, namsubiri mtu," kisha kioo kinapanda na kiyoyozi kinaendelea na kazi yake.

Leo nataka tuzizungumze hizo dakika mbili, hasa zinapotumika juu ya njia ya baiskeli. Najua wapo watakaosema jiji lenye foleni za jioni na mafuriko ya Jangwani lina mambo makubwa zaidi ya kujadili. Linayo. Ila njia hizi zimejengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia tutakaoulipa sote, mwenye gari na asiye nalo, na ni haki tuulize zinamfaa nani.

Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, macho yote yalikuwa kwenye mabasi. Ule ukanda wa kilomita 21, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ulikuja na kitu kingine ambacho hakikupigiwa vigelegele: sehemu kubwa ya urefu wake ilipewa njia ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli, iliyoinuliwa juu kidogo ya barabara. Kwa jiji ambalo mpanda baiskeli alizoea kuishi kwenye mchanga wa pembeni, yalikuwa mapinduzi. Wageni waliliona hilo haraka kuliko sisi. Dar es Salaam ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, jiji la kwanza la Afrika kuitwaa.

Tumwangalie anayeipita njia hiyo, maana picha za matangazo hutudanganya. Si kijana wa mazoezi mwenye kofia ngumu na chupa ya maji yenye mrija. Ni mtu wa mikate aliyetoka kiwandani alfajiri na kreti zimepangwa nyuma mpaka zimempita mabega. Ni mchuuzi anayetoka Feri na tenga la samaki juu ya baiskeli ya Phoenix iliyofungwa chuma cha ziada kwenye kiti cha nyuma. Ni fundi bomba na vyuma vyake, ni muuza mayai, na ni guta lenye makreti ya soda, dereva wake amesimama juu ya pedali kwa sababu akikaa halitasogea. Kwao baiskeli ni mtaji. Ikigongwa, mtaji umegongwa.

Mtu huyu akikuta gari limesimama mbele yake ana njia tatu, na zote ni mbovu. Ya kwanza ni kushuka, akaisukuma baiskeli katikati ya waenda kwa miguu ambao nao wameshasukumwa na gari hilohilo kwenye upenyo uliobaki. Baiskeli yenye mzigo mzito wa nyuma haisukumwi kirahisi. Ukiilaza kidogo tu gurudumu la mbele linanyanyuka na mikate iko chini. Ya pili ni kulipita gari kwa ubavuni, akiomba Mungu abiria asifungue mlango. Ya tatu, ndiyo wengi wanayoichagua, ni kuteremka ukingo na kuingia barabarani.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kabla ya kuteremka anatakiwa atazame nyuma, lakini mzigo umempita mabega, haoni kitu. Kioo cha pembeni hana. Dereva wa daladala anayekuja nyuma naye alikuwa akimwona mtu yuko salama juu ya njia yake, na hakujiandaa kumwona akidondoka mbele ya bampa. Hata kama hakuna aliyegongwa, bado kazi haijaisha: kurudi juu ni lazima apande ukingo uleule, na baiskeli yenye kreti za mikate haipandi ukingo. Itabidi abaki barabarani mpaka apate mteremko mwingine, pengine kwenye makutano yajayo. Dakika mbili za mwenye gari zimemgharimu mwenzake kipande kizima cha safari kati ya malori.

Kwa hiyo ukisikia mtu amehesabu magari mawili matatu tu yaliyopaki kwenye njia ya baiskeli akasema si tatizo kubwa, ujue amehesabu vibaya. Njia hii ni kama bomba la maji. Urefu wake haukusaidii kitu, mahali lilipoziba ndipo panapoamua. Mpanda baiskeli hachagui njia mita kwa mita. Anaichagua asubuhi anapotoka nyumbani, na kama anajua Manzese atakuta Fuso linashusha mzigo na Magomeni atakuta safu ya magari ya wateja, atapita barabarani tangu mwanzo. Halafu mkubwa fulani atapita na gari lake, ataiona njia tupu, atauliza: mbona baiskeli zenyewe hazipo? Na awamu inayofuata ya mradi itapunguziwa upana wa njia kwa sababu hiyo.

Ni rahisi kumchora huyu dereva kama mtu wa hovyo. Wapo wa hovyo, na siwatetei; kuna gari fulani kubwa lenye namba za serikali, STK, ambalo nikilikuta limepanda juu ya njia ya baiskeli nje ya mgahawa huwa najiuliza dereva amemsubiri nani kwa muda wote ule, na kwa mafuta ya nani. Lakini wengi si watu wabaya. Tazama sura ya maduka yetu ya barabarani. Kwa miaka mingi duka la Dar lilikuwa na uwanja wa mbele unaoungana na barabara bila mpaka: mteja anaingia na gari mpaka mlangoni, lori la saruji linarudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi. Ukaja mradi ukapitisha njia ya watu na baiskeli katikati, baina ya duka na lami. Duka limebaki. Mteja na saruji yake wamebaki. Kilichoondoka ni mahali pa kusimama, na hakuna aliyemwonyesha mwenye duka lori lake lisimame wapi badala yake. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi hawezi kuuza mifuko mia mbili ya saruji kwa kuibeba mgongoni kutoka mtaa wa nyuma. Atalipandisha lori juu ya njia, leo na kesho, na akikamatwa ataiweka faini kwenye bei ya saruji.

Tukija kwenye faini yenyewe, kuacha gari mahali panapozuia wengine ni kosa tangu zamani, na faini yetu ya papo hapo kwa makosa ya barabarani inafahamika hata na watoto: 30,000. Kwenye bajeti ya mwaka 2021/22 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipendekeza ya bodaboda na bajaji ishuke hadi 10,000, kwa hoja kwamba pikipiki haiwezi kulipa sawa na basi. Hoja ilikuwa ya haki na ilipita. Nilisubiri mbunge mmoja asimame aigeuze upande wa pili, aulize kwa nini Land Cruiser V8 inalipa sawa na Vitz. Hakusimama mtu.

Ujerumani waligundua kwamba faini ndogo ni kibali cha bei nafuu. Novemba 2021 walipandisha adhabu ya kupaki kwenye njia ya baiskeli mpaka euro 55, na ukimzuia mtu unalipa 70 pamoja na alama moja kwenye kumbukumbu zako za udereva. Ile alama ndiyo inayouma, kwa sababu tajiri hana ya ziada mfukoni. Lakini hata Ujerumani faini inafanya kazi pale tu anapotokea mtu wa kuiandika, na sisi tuna shida hapo. Trafiki wetu wanasimama kwenye makutano kushughulika na vyombo vinavyotembea. Wakusanyaji wa ada za maegesho wa TARURA wanapita mitaani kutwa, lakini wanaangalia nafasi zinazolipiwa. Matokeo yake yanachekesha: aliyepaki kihalali, kwenye nafasi iliyochorwa, anaandikiwa deni, na aliyepanda juu ya njia ya baiskeli hatua tatu kutoka hapo amepaki bure. Kama ningekuwa dereva mwenye haraka na mwenye akili ya hesabu, nami ningepanda juu.

Wala tusidanganyane kwamba jiji halina nguvu ya kusafisha pembezoni mwa barabara. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa kwenye hifadhi za barabara na mbele ya maduka, meza na miavuli yao, na moja ya sababu zilizotajwa ni kwamba wanaziba njia za waenda kwa miguu. Mgambo walionekana, magari ya halmashauri yalionekana, na kazi ilifanyika kwa siku chache. Meza ya nyanya ina upana wa mita moja, na mwenyewe akiombwa apishe anaivuta pembeni. Gari lina upana wa karibu mita mbili na mwenyewe yuko ghorofani kwenye kikao. Sijawahi kusikia operesheni ya siku chache kwa ajili yake.

Labda ndiyo maana watu wa miji mingine walipochoka walikimbilia vituko. Kiangazi cha mwaka 2011 meya wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, bwana Artūras Zuokas, alipanda kifaru cha kubebea askari kilichobaki tangu enzi za Kisovieti akaliponda Mercedes lililopaki kwenye njia ya baiskeli. Kisha akafagia vioo, akapanda baiskeli akaondoka zake. Gari lenyewe lilikuwa limeandaliwa kwa ajili ya video, lakini dunia ilicheka, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Amani ya Ig Nobel, zile tuzo za utani zinazotolewa kila mwaka. Mwaka huohuo tena, jijini New York, mtengeneza filamu Casey Neistat alitozwa dola 50 kwa kuendesha baiskeli nje ya njia yake. Akajirekodi akiifuata njia hiyo bila kukengeuka hata inchi, akigonga kila kilichosimama ndani yake: mabango, magari ya mizigo, teksi, na mwishowe gari la polisi.

Navipenda vituko hivi, sikatai. Video ya Neistat ilieleza kwa dakika chache jambo ambalo ripoti haziwezi: anayeadhibiwa kwa kutoka kwenye njia ndiye aliyefukuzwa kwenye njia. Lakini kifaru kinaponda gari moja, na meya ana kazi nyingine siku inayofuata. Huku kwetu kuna wanaopiga picha magari na kuyaweka mtandaoni namba zikionekana. Aibu nayo ina kiasi chake. Dereva wa Dar anayeweza kukaa katikati ya makutano taa zikiwa nyekundu, honi zinapigwa pande nne naye anachezea simu, hatavunjwa na picha ya kwenye kundi la WhatsApp asilokuwemo.

Miji iliyoshinda ilifanya jambo lisilo na mbwembwe: ilifanya gari lishindwe kuingia. Amsterdam ya zamani ilijaa nguzo fupi za chuma za rangi ya kahawia iliyoiva, zenye misalaba mitatu ya nembo ya jiji, zikitenganisha barabara na njia za miguu. Zinaitwa amsterdammertje na sasa ni kama alama ya mji, watalii wanapigia picha. Wanaosifia hawajui kwamba tangu mwaka 2000 mji wenyewe umekuwa ukiziondoa taratibu, kwa sababu ulipata kitu bora zaidi katika mitaa mingi: ukingo ulioinuliwa vizuri na barabara iliyobanwa mpaka dereva haoni pa kupanda.

Bogotá ndiko tunakopaswa kutazama zaidi, maana mabasi yetu yaliiga ya kwao. TransMilenio ilianza Desemba 2000, mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha meya Enrique Peñalosa. Ila kabla ya mabasi, alianza na magari yaliyopaki. Njia za waenda kwa miguu za Bogotá zilikuwa maegesho, na wenye maduka waliziona kama mali yao kabisa. Akapanda vigingi. Wenye maduka walifura, wakasema biashara itakufa, na kampeni ya kumng'oa madarakani ikaanza. Hakung'olewa. Hoja yake tangu wakati huo, ambayo ameirudia duniani kote, ni kwamba njia ya baiskeli inamfanya mwenye chombo cha dola 30 awe raia sawa na mwenye gari la dola 30,000. Sisi tulichukua mabasi ya Bogotá, stesheni za katikati ya barabara za Bogotá, kadi za Bogotá. Ule ugomvi na wenye magari tuliuacha hukohuko.

Mfano wa tatu ni Sevilla, kusini mwa Hispania. Nautaja kwa sababu ya wale wasemao baiskeli ni mambo ya nchi za baridi: kiangazi cha Sevilla joto linavuka nyuzi 40. Kuanzia mwaka 2006, ndani ya miaka michache, mji ule ulijenga mtandao mzima wa njia za baiskeli zilizoungana, na sehemu kubwa ya nafasi waliipata kwa kuchukua safu za maegesho kando ya barabara, wakaziinua usawa wa njia ya miguu na kuzitenga. Safari za baiskeli ziliongezeka mara kadhaa. Maegesho yenyewe ndiyo yaliyogeuka kuwa njia.

Nairobi nako wamejaribu. Mwaka 2015 kaunti ilipitisha sera ya usafiri usio wa magari ikiahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri iende kwa waenda kwa miguu na baiskeli, na miaka mitano baadaye Kenyatta Avenue na mitaa ya jirani zikapanuliwa njia zao huku nafasi za magari zikipunguzwa. Magari yalipungua kweli. Zikaja pikipiki. Nitazirudia hapo chini, kwa kuwa ndizo fumbo gumu.

Kwetu, dawa ya gari inajulikana na wala si ghali ukilinganisha na kilomita moja ya lami. IST, hilo gari dogo lililojaa mjini, lina upana wa karibu mita 1.7. Vigingi vilivyoachana mita moja na nusu vinalizuia kabisa, na Land Cruiser ndiyo kabisa, huku guta la mizigo likipita na kiti cha magurudumu kikipita. Mwenye kupanga lazima alikumbuke hilo guta. Nimeona mahali vigingi vimebanwa mpaka aliyefungiwa nje ni mwenye njia. Viwe vya zege, visiwe vya chuma. Mji ambao vibao vya barabarani vinang'olewa usiku vikauzwe chuma chakavu hautabakiwa na nguzo za bomba hata mwezi. Na kigingi kilichovunjwa na lori kirudishwe haraka, kwa sababu nafasi ya kigingi kimoja inatosha kupitisha magari ya siku nzima.

Pamoja na vigingi, lile Fuso la saruji lipewe pake. Mahali palipochorwa kwa kushushia mizigo, kila baada ya maduka kadhaa, kwenye upande wa lami, kwa saa maalumu za asubuhi au usiku. Bila hivyo kigingi kitaliweka lori kwenye mstari wa daladala, na lawama zote zitarudi kwa baiskeli. Umoja wa waendesha baiskeli wa Dar, UWABA, umekuwa ukipigania njia hizi kwa miaka mingi na umezungumza na kila aliyekubali kusikiliza. Naamini haingekuwa vigumu kuwakalisha meza moja na wenye maduka wa Manzese, ambao nao wangependa lori lijulikane linasimama wapi.

Sasa pikipiki. Kigingi kinachopitisha guta kinapitisha bodaboda, na bajaji pia, ambayo upana wake ni mita 1.3 tu. Hapa zege haina msaada, na nguvu ya mgambo tumeshaiona: leo wanakimbizwa, kesho asubuhi wako palepale, kwa kuwa abiria wako palepale. Kijiwe cha bodaboda kinafuata mlango wa kituo cha mabasi, na mlango wa kituo unamwaga watu juu ya njia ya baiskeli. Ukitaka waondoke juu ya njia, wape pa kukaa hatua chache kutoka hapo, penye kivuli, pakiwa upande wa barabara. Nafasi ya gari moja inatosha pikipiki tano bila kubanana. Nafasi mbili kila kituo, kijiwe kizima kimepata makazi. Makadirio ya kibanda chenye paa la bati yanaandikwa kwa jioni moja. Kinachohitaji saini ni zile nafasi mbili za maegesho mbele ya benki, zinazoingiza ada kila saa, na hapo ndipo barua huanza kuchelewa kurudi.